Wapulizaji wa mdomo wa bata hawajajificha kwenye mashine

Mhariri,

Habari za kazi. Nimesoma ile makala ya kwenye kurasa zenu za burudani kuhusu wanamuziki wa Ulaya na Marekani wanaopuliza saksafoni huku mashine zinavuma nyuma yao, na mwandishi wenu akamalizia kwamba eti hao ni watu walioshindwa kupiga muziki wa kueleweka ndo wakajificha kwenye kompyuta. Mi mwenyewe napuliza mdomo wa bata, yaani hiyo hiyo saksafoni, niko kwenye bendi ya matarumbeta, hizi za harusi tunazopanda nyuma ya pikapu tunapuliza mji mzima, sasa nimeshindwa kunyamaza. Katuonea, na inaonekana kabisa hajasikiliza alichokiandikia.

Kwanza hao watu hawajashindwa kitu. Chukua La Monte Young, mtunzi wa Marekani, kazaliwa 1935 huko Idaho, kakulia Los Angeles anapiga saksafoni na kina Eric Dolphy na Don Cherry, majina ambayo mpenzi yeyote wa jazi anayajua. Miaka ya 60 mwanzoni akiwa New York akashika sopranino, kile kisaksafoni kidogo chenye sauti ya juu kabisa, akawa anamwaga noti kwa kasi ya ajabu juu ya mvumo mmoja usiokatika ambao wenzake wameushikilia, Marian Zazeela kwa sauti yake, Tony Conrad kwenye violini, John Cale kwenye viola. Huo mvumo ndo wanauita droni, na wakati mwingine waliutoa kwenye umeme. Young kasimulia kwamba utotoni alikuwa anatega sikio kwenye transfoma zinavyovuma na upepo unavyopenya kwenye kuta za magogo za nyumba yao. Umeme wa Marekani unaenda mizunguko 60 kwa sekunde, basi wakatyuni vyombo vyao kwa hiyo 60, wakachukua sauti ya kimota cha tangi la kobe aliyekuwa anafugwa humo ndani. Sisi huku umeme wetu ni mizunguko 50, yaani friji lako linavuma chini kidogo ya friji la New York, kalisikilize usiku watu wakilala.

Na mwaka 1964 akaiacha saksafoni. Sababu yake sasa, saksafoni matundu yake yametobolewa kiwandani, haikubali kukaa kwenye noti zile kwa usahihi aliokuwa anautaka, akahamia kuimba. Huyo ndo mwandishi wenu anamwita mtu asiyejua muziki, mtu ambaye sikio lake lilikuwa kali kuliko chombo chenyewe.

Halafu hili la mashine kufanya kazi badala ya mtu. Hapa nielezee kidogo maana ndo penyewe. Mwaka 1963 Terry Riley, mtunzi mwingine wa Marekani, alikuwa Paris, fundi mmoja wa redio ya Ufaransa akamuunganishia mashine mbili za kurekodia, za ile tepu ya magurudumu, tepu moja inapita kwenye zote mbili. Mashine ya kwanza inarekodi, tepu inatembea mpaka kwenye ya pili ambayo inapiga kilichorekodiwa, na ile sauti inarudishwa tena kwenye ya kwanza irekodiwe upya pamoja na unachopuliza sasa hivi. Kwa hiyo unachopuliza kinarudi baada ya sekunde chache, kinarudi tena, kinarundikana, ukisogeza mashine mbali na mwenzake kinachelewa zaidi. Siku hizi kidude kimoja tu cha kukanyaga kwa mguu kinafanya kazi hiyo hiyo. Mara ya kwanza alitumia tarumbeta ya Chet Baker, mpulizaji wa jazi, baadaye Riley akaingiza saksafoni ya soprano anayoipuliza mwenyewe, mwaka 1967 kule Philadelphia akapiga usiku kucha, watu wamekuja na mifuko ya kulalia na vitanda vya kuning'iniza. Rekodi ya mtindo huo ilitoka 1969, upande wa pili wa A Rainbow in Curved Air, inaitwa Poppy Nogood and the Phantom Band, na hiyo bendi ya mizimu ni yeye mwenyewe tu mara nyingi nyingi.

Sasa niambieni mtu anajificha wapi hapo. Mi kwenye harusi nikiteleza noti moja ngoma imeshaifunika, bi harusi anacheza hajui lolote. Kwenye mashine ya Riley noti mbovu inarudi kukusuta mara kumi, itabidi utafute noti ya kuipokea mpaka igeuke kuwa nzuri, tena papo hapo. Na taimingi yako ikiyumba inakuumbua vile vile.

Evan Parker, mpuliza saksafoni wa Uingereza aliyezaliwa 1944, yeye hata mashine haihitaji ili sauti isikatike. Anajaza hewa mashavuni, anaisukuma kwa mashavu huku anavuta nyingine puani, saksafoni inaendelea tu. Wapiga zumari wetu wa Pwani wanafanya hivyo tangu enzi na hakuna anayewaita wahuni. Jaribu na mrija kwenye glasi ya maji, mapovu yasikatike, utaona unavyotokwa jasho. Halafu akaanzisha kundi ambalo mpulizaji au mpiga violini anakaa na mtu wa mashine anayeidaka sauti yake ile ile na kuipinda pale pale jukwaani, albamu yao Toward the Margins ilitoka 1997. Hamna mkanda uliotayarishwa nyumbani, wote wanasikilizana na kujibizana.

Sisemi kila kitu humo ni kitamu. Kuna rekodi za droni nazizima dakika ya tano, mtu kaegesha kidole kwenye kinanda kaenda kunywa chai. Na Machine Gun, albamu ya Mjerumani Peter Brötzmann ya 1968, saksafoni tatu zinaunguruma kwa pamoja, ile usimpigie mama mkwe. Ila hata ile ina sababu yake, ni mwaka wa vita vya Vietnam na maandamano Ulaya nzima, hao jamaa hawakuwa na mpango wa kukubembeleza.

Ombi langu ni dogo tu mhariri. Mkiandika tena kuhusu mambo haya mtafuteni mtu anayepuliza, hapa mjini tupo wengi na wikiendi tu ndo tuna kazi, atawaambia kipi kigumu na kipi ni kujifanya. Na mwandishi wenu aisikilize Poppy Nogood mpaka mwisho, haizidi dakika 22, avae earphone maana kwenye spika ya simu ule mvumo wa chini hausikiki kabisa, halafu akiendelea kusema hamna kitu nitamjibu kwenye ukurasa huu huu.

Mpuliza saksafoni,
Morogoro