Risala ya Wanafunzi wa Uhandisi wa Vifaa Tiba kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Taaluma, Dodoma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, wakufunzi wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana: mbukwenyi!

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kuwa nasi. Kwa idhini yako, risala hii itajikita katika jambo moja: mashine ya utrasaundi inayopima mwendo wa damu inapaswa nayo kupimwa, kwa majimaji yanayoiga damu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mashine hizo zinatumia kanuni iliyotolewa mwaka 1842 na Christian Doppler wa Austria. Proba, yaani kile kifaa kinachowekwa kwenye ngozi, hutuma mawimbi ya sauti ambayo sikio haliyasikii, tuseme ya megahezi 5, yaani mitetemo milioni tano kwa sekunde. Yakikutana na chembe nyekundu za damu zinazosafiri, hurudi yakiwa na masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, yaliyobadilika kidogo, na badiliko hilo ndilo linaloipa mashine kasi ya damu. Hivyo daktari hujua kama mtoto aliye tumboni anapata damu ya kutosha kupitia kitovu, au kama mshipa wa shingo umeziba. Kosa dogo la pembe iliyo kati ya mawimbi na mwendo wa damu huharibu hesabu: mashine ikiwekewa nyuzi 60 wakati pembe halisi ni 65, kasi itasomeka pungufu kwa takriban asilimia 15. Mgonjwa hana namna ya kulijua hilo.

Kwa nini tusitumie damu yenyewe? Damu huganda, huharibika, hutofautiana kati ya mtu na mtu, na inaweza kubeba maambukizi. Zaidi ya hayo, damu inayochangwa ina wagonjwa wanaoisubiri, nasi hatuoni haki ya kuimwaga kwenye mirija.

Majimaji ya kuigiza lazima yafanane na damu mbele ya sauti. Katika damu sauti husafiri takriban mita 1,570 kwa sekunde, lakini katika maji ya nyuzi 20 za Selsiasi ni kama mita 1,480 tu. Gliserini huongeza kasi hiyo, na pia mnato, yaani ugumu wa kutiririka. Bado mchanganyiko huo hauonekani kwenye mashine, kwa sababu hauna cha kurudisha mawimbi. Maabara kubwa hutia punje za nailoni za mikromita 5 hivi, zinazokaribiana na chembe nyekundu. Urefu wa wimbi la megahezi 5 ni kama milimita 0.3, hivyo punje hizo ni ndogo mno kulirudisha kama ukuta. Hulitawanya kila upande. Masafa yakiongezwa mara mbili, nguvu inayotawanywa huongezeka mara 16.

Sisi tumetumia wanga wa mahindi, katika majimaji yanayosukumwa na pampu ndani ya mrija. Unatawanya vizuri, lakini pampu ikizimwa unazama, kwa kuwa ni mzito kuliko majimaji. Viputo vya hewa vinasumbua zaidi, maana kiputo kimoja hung'aa kuliko punje zote zilizokizunguka. Ndiyo maana tunachemsha maji na kuyaacha yapoe yakiwa yamefunikwa. Na joto la Dodoma la Oktoba si la Julai: maji yakipanda kutoka nyuzi 20 hadi 30, kasi ya sauti huongezeka kwa mita 27 hivi kwa sekunde. Kipimajoto hakitoki mezani.

Kasi ya kweli tunaipata kwa silinda ya vipimo na saa: ujazo uliotoka kwa sekunde, ugawanywe kwa eneo la tundu la mrija. Huo ni wastani. Mtiririko ukiwa mtulivu, katikati ya mrija kasi ni mara mbili yake, na hapo ndipo tunapolinganisha na mashine.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu ni matatu. Tunaomba punje za nailoni badala ya wanga, pampu ya kuondoa hewa, na utusemee kwa waganga wakuu wa hospitali za mkoa huu ili turuhusiwe kupeleka majimaji yetu kwenye mashine zao siku za matengenezo. Majibu tutawaachia wao kwa maandishi.

Tunaomba kuwasilisha.