Barua ya Wazi kwa Mstahiki Meya wa Kigoma/Ujiji: Tupatie Kuta za Kuchora

Mstahiki Meya,
Halmashauri ya Manispaa ya Kigoma/Ujiji,
Kigoma.

YAH: OMBI LA KUTENGA KUTA ZA UMMA KWA AJILI YA SANAA

Mstahiki Meya, pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mkazi wa Mwanga, na ninaleta kwako ombi moja: Baraza la Madiwani litenge kuta za umma kuanzia Kibirizi hadi Ujiji, lizikabidhi kwa wachoraji wa mji huu kwa kibali kinachoeleweka na kwa malipo ya haki, kisha litunge sheria ndogo itakayozuia michoro hiyo kufutwa ovyo au kufunikwa na matangazo ya biashara. Ningeweza kuipeleka barua hii masjala ikapigwa muhuri na kusubiri zamu yake. Nimeiandika hadharani kwa sababu kuta ninazozisema zinaonwa na kila mtu, na wanaozipita kila siku wana haki ya kulijua ombi hili na kulisemea.

Kazi yangu imenifikisha katika miji kadhaa, na desturi yangu kila ninakofika ni kutenga saa chache za jioni nitembee kwa miguu bila kuelekezwa na mtu. Michoro mingi ya mitaani haionekani na aliyemo ndani ya gari. Iko nyuma ya soko, kwenye ukuta wa shule unaotazama uchochoro, chini ya daraja, na humpata yule aliyekata kona isiyokuwa katika ratiba yake. Nairobi nilisimama kituoni nikaziacha matatu kadhaa zinipite, kwa kuwa kila moja ilikuwa imechorwa kuanzia boneti hadi mlango wa nyuma na nilitamani kuziona zote. Unguja, Mji Mkongwe, nimewaona wageni wakizunguka mchana kutwa wakitazama milango tu, ile ya nakshi na misumari ya shaba, na hakuna anayewatoza kiingilio. Sanaa ya namna hiyo humfanya mgeni apunguze mwendo, na mgeni anayepunguza mwendo hununua maji, hula chakula, huuliza habari za mtaa na mara nyingi hulala usiku mmoja zaidi.

Hapa kwetu wageni wanapita, tena wengi. Wanaokwenda Hifadhi ya Gombe hupandia boti Kibirizi, wanaokwenda Hifadhi ya Mahale hulala mjini wakisubiri usafiri, na treni imekuwa ikishusha watu Kigoma tangu reli ya kati ilipofika ziwani mwaka 1914. Sasa kipande cha reli ya kisasa cha Tabora hadi Kigoma, chenye urefu wa kilomita 506, kiko mikononi mwa wakandarasi. Mgeni anayesubiri boti hadi kesho yake ana mchana mzima wa kutembea. Akishuka stesheni, akapanda Barabara ya Lumumba kuelekea Mwanga, kuta atakazozikuta zimekwisha kupakwa rangi, ila zimepakwa na kampuni. Nyumba nzima, kuanzia msingi hadi chini ya bati, ina rangi ya mtandao wa simu, ya pili yake ina rangi ya soda, ya tatu ni ya saruji au ya rangi yenyewe. Simlaumu mwenye nyumba anayekubali kupakiwa ukuta wake bure. Lakini tukubaliane kwamba mji wetu hauna upungufu wa kuta zilizopakwa rangi. Kinachokosekana ni ukuta unaosema habari ya Kigoma.

Na wachoraji tunao, Mstahiki Meya. Nenda Kibirizi asubuhi boti ikiwa imevutwa mchangani kwa matengenezo, umtazame fundi anayeandika jina la chombo. Hupiga kwanza msasa hadi rangi ya zamani iache kubanduka, kisha hunyoosha uzi uliopakwa chaki, hukaza ncha zote mbili na kuukwanyua mara moja, na mstari ulionyooka hubaki juu ya ubao uliopinda. Herufi huzichora kwa mkaa. Rangi huikorogea ndani ya kipande cha dumu kilichokatwa, huweka nyekundu, huiacha ikauke, ndipo hurudi na brashi nyembamba kuipa kila herufi kivuli cheupe upande wa kulia, kivuli kile kile kwa kila herufi, bila kupima kwa rula. Anayeweza kufanya hivyo juu ya ubavu wa boti anaweza kufanya kazi nzuri juu ya ukuta wa zahanati. Vinyozi wetu nao wana michoro ya vichwa na mitindo ya nywele iliyochorwa kwa mkono, ingawa inapungua kila mwaka kwa sababu mabango ya plastiki ya kuchapishwa yamekuwa rahisi. Mafundi hawa wanakosa kazi mbele ya macho yetu, na ujuzi wao usiporithiwa na kijana utaondoka nao.

Nilitaja kufutwa ovyo, nami nieleze kwa nini. Kulikuwa na ukuta wa taasisi moja hapa mjini, sitaitaja, ambao vijana waliuchora kwa rangi walizochangishana wenyewe. Walichora mandhari ya usiku wa giza, mwezi haupo, na wavuvi wa dagaa wako ziwani na taa zao, kisha upande wa pili pakawa asubuhi na wanawake wanaanika. Aliyechora dagaa hakuwapaka kwa wingi kama fungu, alimchora kila mmoja kwa mguso mmoja wa brashi ya fedha, maelfu ya miguso, na mmoja kati ya wanawake wale alikuwa amejishika kiuno akitazama mawingu kwa wasiwasi wa mvua. Nilimjua mwanamke yule kwa maana tunawajua wote wanaosimama hivyo. Ulipokaribia ugeni wa kiongozi, ukuta ukapigwa chokaa nyeupe kwa siku moja, kwa maelezo kwamba mazingira yawe nadhifu. Hakuna aliyewauliza vijana, na hakuna kanuni waliyoweza kuikimbilia. Jambo hilo bado linaniuma, na ndilo lililonisukuma kuandika.

Inawezekana wapo watakaosema kwamba michoro ya mitaani ni uchafuzi, kwamba tukifungua mlango huu kila kijana mwenye kopo la rangi atachafua kuta za watu. Hofu hiyo aliwahi kuwa nayo meya mwenzako wa Philadelphia, Marekani. Mwaka 1984 Meya Wilson Goode alianzisha mpango wa kupambana na maandishi ya kuchafua kuta, na akaajiriwa msanii Jane Golden ili awaendee vijana waliokuwa wakiandika. Alipozungumza nao aliona kwamba wengi walikuwa na kipaji ambacho hakikuwa na mahali pa kwenda, akaanza kuwapa kuta halali za kuchora. Mpango ulioanza kama vita dhidi ya rangi ukageuka kuwa idara ya michoro, na leo mji huo unahesabu michoro zaidi ya 4,000 iliyotokana na kazi hiyo. Watu husafiri kwenda kuitazama, na kuna matembezi ya kuongozwa kwa ajili hiyo tu.

Mfano ulio karibu nasi zaidi kwa hali ya maisha ni wa Dakar, Senegal. Karibu na mwaka 1990, baada ya kipindi kigumu cha uchaguzi na taka kurundikana mitaani, vijana wa mitaa ya Dakar walianza wenyewe harakati iliyoitwa Set Setal. Walizoa taka, wakasafisha mitaro, na walipomaliza kusafisha mtaa wakachora kuta zake: mashujaa wao, masheikh wao, maonyo kuhusu maradhi. Aliyefagia na kuchora mtaa wake hakuwa tayari kuona mwingine akiumwagia taka. Sisi tunaofanya usafi wa mwisho wa mwezi tungeweza kuunganisha mambo haya mawili bila gharama kubwa, mtaa mmoja baada ya mwingine.

Kuhusu cha kuchorwa, nina maoni ambayo naomba uyapime. Pale Dar es Salaam, kwenye makutano inaposimama Sanamu ya Askari, Wajerumani walikuwa wamemweka gavana wao, Hermann von Wissmann. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 walimwondoa, na mwaka 1927 wakamsimamisha askari tunayemwona hadi leo, akiwa na maandishi yanayowakumbuka pia wapagazi wa vita ile. Mahali ni pale pale, na kila mtawala alichagua nani akumbukwe. Ujiji tunayo makumbusho yenye sanamu za Livingstone na Stanley wakikutana, tukio la mwaka 1871, na sina ugomvi nayo, kwani inaleta wageni. Ninachouliza ni wapi walipo waliobeba mizigo ya misafara yao. Wapi walipo waliofungwa minyororo na kupelekwa pwani chini ya miembe ile ile tunayopumzikia leo? Ujiji imo katika orodha ya awali ya UNESCO, ile ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia, tangu mwaka 2006, pamoja na Kwihara ya Tabora, Mpwapwa, Bagamoyo na vituo vingine vya njia ya biashara ya watumwa na pembe. Mtu anaweza kutembea barabara ya Ujiji yote asione ukuta hata mmoja unaomweleza hivyo. Mchoro mrefu kando ya njia ya miembe, uliochorwa baada ya kuwasikiliza wazee wa Ujiji, ungekuwa ukuta wa kwanza ambao mimi ningeuomba.

Yapo mengine mengi: Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani, ikaletwa vipande vipande, ikaungwa hapa Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927, wakamuaji wa mawese, ngoma za Waha, migebuka sokoni. Wakazi wa kila mtaa waulizwe wanataka nini kabla brashi haijagusa ukuta, maana mchoro usiowahusu hautalindwa na mtu. Naomba jambo moja tu likatazwe mapema, nalo ni sura za viongozi walio madarakani na rangi za vyama. Mji wetu una ushindani mkali wa siasa, na ukuta wa namna hiyo utafutwa uchaguzi ukipita, au kabla.

Kazi hii pia ina ufundi wake, na ikifanywa kwa haraka itatuaibisha. Kuta zetu nyingi hunyonya unyevu kutoka ardhini, lipu huvimba na kubanduka mita moja ya chini, na masika hurusha tope juu yake. Ukuta upigwe msasa, nyufa zizibwe, praima ipakwe na ikauke, na kazi ifanyike kiangazi. Michoro ichaguliwe kuta zenye paa lililotokeza. Fedha ya ukarabati itengwe tangu mwanzo, kwa sababu hata ile michoro maarufu ya Ukuta wa Berlin, yenye urefu wa takriban kilomita 1.3, iliyochorwa mwaka 1990, ilikuwa imechakaa kiasi kwamba mwaka 2009 ilibidi ichorwe upya. Rangi isiwe kisingizio cha kushindwa kuanza. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kwa rangi za kupakia baiskeli na vipande vya mbao za dari, na mtindo wake unaitwa kwa jina lake dunia nzima.

Upande wa fedha, sheria tayari inaitaka halmashauri kutoa asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kuwa mikopo kwa vikundi, na asilimia 4 kati ya hizo ni za vijana. Kikundi cha wachoraji kilichosajiliwa kinaweza kukopa kununua ngazi, jukwaa la mbao na rangi, iwapo tu kitakuwa na uhakika wa kazi ya kulipwa, na kazi hiyo ndiyo halmashauri inayoweza kuianzisha kwa kuagiza michoro michache katika shule, zahanati na masoko yake. Mkopo bila kazi utawaingiza vijana kwenye madeni, kwa hiyo naomba mambo haya mawili yasitenganishwe. Afisa Utamaduni awe ndiye mlango wa maombi, fomu iwe ya ukurasa mmoja, na jibu litolewe kwa maandishi.

Naomba ombi hili lipelekwe kwenye kamati husika kabla bajeti ya mwaka ujao wa fedha haijafungwa, na nipewe fursa ya kulieleza mbele ya madiwani. Kabla ya hapo, nipo tayari kutembea na Afisa Utamaduni, Afisa Mipango Miji na watendaji wa kata kutoka Kibirizi hadi Ujiji siku mtakayoipanga, tuzitazame kuta moja moja na kuandika ipi ni ya nani, ipi ina unyevu na ipi inaweza kuanza kuchorwa mvua zikikatika.

Wako katika ujenzi wa mji,

Mkazi wa Mwanga, Kigoma.

Nakala: Afisa Utamaduni wa Manispaa.