Barua kwa Mama Nasra: madeni niliyoyakuta vitabuni

Mama Nasra mwaya,

Salama lakini? Watoto wazima? Na shemeji je, ameshaizoea Tabora au bado analilia samaki wa Feri? Sisi huku Dar tupo, joto lile lile, foleni ile ile, mwendokasi asubuhi limejaa mpaka mlango unagoma kufunga, ila tunamshukuru Mungu.

Umeniuliza kwenye ile voisi yako mbona nimepotea, stetasi siweki, eti nimeolewa kimya kimya. Sijaolewa. Nasoma. Usicheke basi! Nasoma vitabu vya historia, tena sio vile vya kukariri shuleni nani alifika pwani mwaka gani, naongelea vile ambavyo mtu kakaa miaka anafukua makabrasha mpaka anakuletea mtu mmoja mmoja na jina lake na shida zake. Na si unanijua mi mhasibu, nikifungua kitabu chochote macho yanakimbilia kwenye hela, nani kalipwa, nani kadhulumiwa, deni limeishia wapi. Basi shosti nimekuta madeni humo.

Yote kayaanzisha yule kaka anayetandika vitabu vya mtumba kule Posta. Nilikuwa nasubiri gari tu, nikaona kitabu kinene cha Mwingereza mmoja, Edward Paice, kinaitwa Tip and Run, cha mwaka 2007, kinahusu Vita ya Kwanza ya Dunia huku kwetu Afrika Mashariki. Alitaka elfu ishirini nikampa kumi na tano, akanung'unika akachukua. Nikasema nitasoma kurasa mbili tatu nilale. Nani alilala.

Shuleni ile vita tulifundishwa kama habari ya majenerali si ndio, von Lettow-Vorbeck mjanja, Waingereza wanamkimbiza hawamkamati, mpaka anakuja kusalimu amri tarehe 25 Novemba 1918 kule Abercorn, ambako saivi ni Mbala ya Zambia, wiki mbili baada ya Ulaya kuacha kupigana. Sawa. Lakini hakuna aliyewahi kutuuliza zile risasi zilifikaje porini. Farasi, nyumbu na ng'ombe walikuwa wanakufa kwa mbung'o maelfu kwa maelfu, magari yanazama kwenye tope la masika, na reli ukitoa ile ya Tanga na hii yetu ya kati hakuna kitu, ukishaiacha reli ni miguu. Kwa hiyo waliobeba ni watu. Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi karibu milioni moja, wengine kwa hiari, wengine kwa kuzingirwa kijijini usiku, na Mjerumani naye alikuwa na wake, tena wengi wao hata kuandikwa hawakuandikwa.

Sasa hapa ndo uhasibu wangu ukaamka. Mpagazi mmoja anabeba kama kilo 25. Lakini naye anakula kila siku, na chakula chake anakibeba nani? Ni yeye mwenyewe au mpagazi mwingine, na huyo mwingine pia ana tumbo. Ukienda mbali vya kutosha kutoka bohari, msafara unaula mzigo wake wenyewe njiani na askari wa mbele anapata makombo, kwa hiyo wanaongeza wapagazi, na walioongezwa nao wanakula, kwa hiyo wanaongeza wengine. Nilitoa simu nikapiga hesabu palepale kwenye gari, dada wa pembeni akawa ananichungulia anadhani napiga hesabu ya vikoba. Hiyo hesabu haikai sawa hata uifanyeje, mpaka ukate sehemu, na walipokata ni kwenye posho ya mpagazi. Mtu kazoea ndizi kwao, au wali, anapewa unga wa mahindi uliosagwa mawe mawe, kuni zimelowa, muda wa kupika hakuna, anakula nusu mbichi, tumbo linaharibika, na kesho alfajiri mzigo unamsubiri. Ndo maana waliokufa kwa kuhara damu, nimonia na malaria ni wengi mno kuliko wa risasi. Wapagazi wa upande wa Mwingereza, waliokufa na kuandikwa, wanakaribia laki moja, na Paice mwenyewe anasema idadi ya kweli lazima ilikuwa kubwa zaidi ya hapo.

Kuna ofisa mmoja wa Wizara ya Makoloni kule London aliandika, nakupa kwa maneno yangu, kwamba mambo ya vita ile yamekosa kidogo tu kuwa kashfa kwa sababu walioteseka zaidi ni wapagazi, na wapagazi wa Kiafrika nani anawajali. Nilikiweka kitabu chini nikaenda kuosha vyombo usiku ule kwa hasira. Na mishahara ya wengi waliokufa haikuwahi kufika kwa ndugu zao, maana jina limeandikwa vibaya, kijiji hakijulikani, mke hajui aende ofisi gani. Sisi kazini mtu akifa tunazungushana na makaratasi ya mirathi mpaka tunagombana, sembuse mtu aliyeandikwa jina moja tu, labda Juma, basi.

Kesho yake nikapitia Sanamu ya Askari, ile ya Samora na Maktaba. Maisha yangu yote napita pale nikiwahi gari, sijawahi kusimama kusoma. Mwaka 1911 ukipita hapo ungemkuta Mjerumani, Wissmann, gavana wao wa zamani, kasimama juu, Waingereza wakamng'oa wakampeleka kwao, baadaye akaishia Hamburg mpaka wanafunzi wakamwangusha chini mwaka 1968. Huyu askari wetu aliwekwa 1927, na maneno ya pale chini aliyatunga Rudyard Kipling, yule mshairi. Yanawataja wapagazi, wanaitwa miguu na mikono ya jeshi. Lakini juu kasimama askari peke yake na bunduki yake. Ile ya Nairobi angalau mpagazi kasimamishwa pamoja na wenzake. Huku kwetu katajwa tu kwa maandishi, afu nani anasimama kusoma pale katikati ya magari, labda mimi niliyepigiwa honi na bodaboda.

Na Kariakoo ninapofanya kazi ndo ilikuwa kambi yao, jina lenyewe si unajua limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Mwingereza. Mjerumani alijenga jengo la soko, vita ikaja, Mwingereza akalifanya kambi ya wapagazi. Soko tunalolijua sisi, lile la Beda Amuli la miaka ya 1970 lililoungua mwaka 2021, lilikuja baadaye hapohapo. Saivi nikiwa dukani nikiona wale vijana na marobota ya mitumba mgongoni wanapiga mluzi tupishe njia, bei yao kwa robota nawauliza. Zamani sikuwa nauliza. Bosi wangu ananiona nimeanza uchizi.

Basi ngoja nikupe la pili, hili ndo lililoninyima usingizi kabisa. Kuna kijana wa hapa hapa Dar, kazaliwa 1904, anaitwa Mahjub bin Adam Mohamed, Ujerumani wanamjua kwa Bayume Mohamed Husen. Baba yake alikuwa askari wa Mjerumani mwenye asili ya Sudani. Vita inaanza ana miaka kumi, kaingia na baba yake, mtoto yule, na mwaka 1917 anajeruhiwa kule Mahiwa, Lindi, anashikwa mateka. Vita imeisha, anafanya kazi melini, na mwaka 1929 anafika Berlin kudai mshahara wake na wa marehemu baba yake. Umeona? Kasafiri mpaka Berlin kufuata malimbikizo! Wizara ya Mambo ya Nje ikamjibu kachelewa.

Mi ningerudi nyumbani nikilia. Yeye akabaki. Akawa weita, akaoa Mjerumani, akafundisha Kiswahili chuoni kwa Wajerumani waliokuwa wanaota kurudi kututawala, na akaigiza kwenye sinema, hata ile ya 1941 ya kumsifia Karl Peters, Mkono wa Damu mwenyewe. Hapo nilimkasirikia kweli. Afu nikajiuliza, mtu mweusi Berlin ya Hitler, kazi anazoruhusiwa ni ngapi, nikanywea. Mwaka huo huo wa 1941 wakamkamata kwa sababu ya uhusiano na mwanamke mzungu, wakampeleka kambi ya Sachsenhausen bila kesi, akafia huko tarehe 24 Novemba 1944. Mtoto wa Dar, kafia kwenye kambi ya Wanazi, na mimi nimesoma historia mpaka fomu foo sijawahi kumsikia. Mama mmoja wa Kijerumani, Marianne Bechhaus-Gerst, kamwandikia kitabu kizima mwaka 2007, na mwaka huo huo wakamwekea kijiwe cha kumbukumbu kwenye lami ya Berlin. Hapa mjini hata kichochoro chenye jina lake sijakiona. Kitabu chenyewe ni Kijerumani, binamu yangu aliyeko kule ndo alinipigia picha kurasa, simu ikawa inatafsiri, mara nyingine inatafsiri upuuzi mtupu.

Cha kuudhi zaidi, miaka ya 1960 Ujerumani Magharibi iliwalipa chochote kitu askari wake wazee waliokuwa bado hai. Yeye alishakufa zamani. Na wapagazi hawakuwemo kabisa.

La makuli wa bandarini nitakupitishia haraka maana nahisi umeanza kupiga miayo. Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar waligoma kisa mshahara na bei za vitu, mgomo ukapanda reli ukaenda Morogoro, Dodoma, mpaka huko kwenu Tabora. Nilikuta kwa John Iliffe, kwenye kile kitabu chake kikubwa cha historia ya Tanganyika cha 1979. Makuli wakapata chama chao, na Abdulwahid Sykes, yule yule wa akina Sykes wa Gerezani, akawahi kuwa katibu wake, miaka kadhaa kabla TANU haijazaliwa. Tunafundishwa uhuru ulianza 7 Julai 1954 mtu na mtu wamekaa mezani wameunda chama, wakati kuna watu walishakaa chini wakakataa kupakua meli.

Afu Bibi Titi, yule mama wa TANU. Barabara yake unaijua, Maktaba Kuu ya Taifa iko hapohapo, nimekaa humo Jumamosi nzima na kitabu cha Susan Geiger, TANU Women, cha 1997. Geiger alikuja akawahoji wanawake wenyewe miaka ya 1980, kwa Kiswahili, wakiwa wazee. Na akina mama hao sio wasomi, wengi ni watu wazima, Waislamu wa mjini, wengine wameachika, wanapika maandazi na vitumbua wanauza, wana vyumba vyao wanapangisha. Ndo siri yenyewe, kwa maoni yangu. Mwanamke mwenye hela yake ya vitumbua haombi ruhusa ya kwenda mkutanoni. Bibi Titi alikuwa mwimbaji wa ngoma, kikundi chao kinaitwa Bomba, na alipopewa kazi ya kuwaleta wanawake mwaka 1955 hakuanza na hotuba, alianza na viongozi wa vikundi vya ngoma, lelemama na wengineo, maana wale tayari wana wanachama, wana sare, wana michango na mtu wa kutunza hela. Wanaume wa chama walikuwa na katiba, akina mama walikuwa na watu. Kitu kimoja tu kimeniudhi kwa Geiger, kwenye hela anagusa juu juu, mi nilitaka nijue lile daftari la michango alishika nani na liko wapi saivi. Na huyo huyo Bibi Titi akaja kukamatwa 1969 kwa uhaini, akafungwa, akatolewa 1972. Barabara ikaja baadaye.

Utaniuliza nawapataje watu kama hawa. Nasomea nyuma, Mama Nasra. Nikishika kitabu naanza na faharasa na yale maandishi madogo ya tanbihi, natafuta mtu aliyetajwa ukurasa mmoja tu, afu namfuata kwenye kitabu kingine. Wale wa kurasa arobaini wana watu wao tayari. Inachosha, na bei ni kichaa, kitabu kipya kimoja ni kodi ya chumba Mbagala, na karibu vyote ni Kiingereza, wakati wanaosimuliwa humo walisema Kiswahili. Huwa nakereka sana, hata saivi naandika nimekereka.

Sasa nina kazi na wewe. Tabora iliingiwa na Wabelgiji Septemba 1916, nao walikuja na wapagazi wao kutoka Kongo, na huko Unyamwezi kubeba mizigo ilikuwa kazi ya watu na heshima yake tangu enzi za misafara. Yule babu yake shemeji uliyesema anakumbuka mpaka majina ya mbwa wa utotoni, muulize kwao nani alikwenda na vita, alirudi au hakurudi, na kama kuna aliyewahi kulipwa. Mrekodi kwenye simu, usimkatize, na usimpe maswali yenye majibu ndani.

Geiger nakutumia kwa basi Ijumaa, nakala yangu, nimeinunua, sio ya maktaba usiogope. Nimeandika kwa penseli pembeni, ukikuta nimetukana mahali ujue ni kwenye mambo ya hela. Sio zawadi hiyo, naidai. Na ile elfu thelathini ya vitenge pia naidai.

Wako,
Mama Vikoba wa Kariakoo