Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia

Mheshimiwa Waziri,

YAH: MAJINA YA WANAWAKE WALIOFANYA KAZI YA SAYANSI

Mimi ni mwalimu wa kemia na biolojia katika sekondari moja wilayani Kondoa.

Ukitoka kwetu kwa barabara ya Babati unafika Kolo, penye michoro ya miambani iliyoingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mwanaakiolojia Mary Leakey aliinakili michoro hiyo mwaka 1951, umbo kwa umbo. Miaka minane baadaye, Julai 17, 1959, mumewe Louis akiwa mgonjwa kambini Olduvai, Mary alitoka kutafuta visukuku akaona kipande cha fuvu kimechomoza ardhini. Ndilo lile fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, la miaka ipatayo milioni 1.75, ambalo ni fahari ya nchi yetu. Makala iliyolitambulisha kwa wanasayansi mwaka uleule ilikuwa na mwandishi mmoja tu, Louis. Nikiwauliza wanafunzi wangu aliyeligundua ni nani, hujibu "Dokta Leakey", na wanamaanisha mwanamume.

Mimi pia nimekosea. Kwa miaka nilifundisha DNA, molekuli inayobeba urithi, kwa kuwataja Watson na Crick tu, waliotangaza umbo lake, kama nilivyofundishwa. Picha ya eksirei iliyowafungulia njia ilipigwa mwaka 1952 na mwanafunzi wa mwanakemia Rosalind Franklin, chini ya usimamizi wake, na Watson akaonyeshwa bila Franklin kujua. Franklin alifariki mwaka 1958 akiwa na miaka 37. Nobeli ya ugunduzi huo ilipotolewa mwaka 1962 hakuwepo tena, lakini katika daftari langu nafasi ilikuwepo. Na huko Bahi, ambako habari za urani zimezungumzwa sana, ni wangapi wamesikia kwamba mwanafizikia Lise Meitner, pamoja na mtoto wa dada yake, ndiye aliyeeleza jinsi kiini cha urani kinavyopasuka? Nobeli ya kemia ya mwaka 1944 alipewa mwenzake wa utafiti, Otto Hahn, peke yake.

Kinachoniuma zaidi kipo karibu. Katika shule niliyofundisha zamani, karatasi za litmasi, za kupimia asidi na besi, ziliisha katikati ya muhula. Mama mtunza maabara alichemsha rosela kavu kutoka shambani kwake, akachuja, akatujaribishia: ukitia ndimu inakolea wekundu, ukitia magadi inageuka kijani. Alijaribu siku nyingi hadi akajua kiasi cha maji na muda ambao dawa hiyo hukaa kabla ya kuharibika. Ilipopelekwa kwenye maonyesho, bango lilikuwa na jina la mwalimu mmoja na wanafunzi wawili. Yeye ndiye aliyebeba chupa hadi kwenye gari. Nilikuwepo, nikanyamaza.

Ombi langu, Mheshimiwa: fomu za MAKISATU (Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu) na za maonyesho ya shule ziwe na sehemu ya kumwandika kila aliyeshiriki, mtunza maabara akiwemo, naye asaini kabla ya mkuu wa shule. Na vitabu vya kiada vinapopitiwa, Franklin na Meitner waandikwe palepale kwenye mada zao. Wasisukumwe kwenye kisanduku cha pembeni kiitwacho "wanawake katika sayansi", kwa sababu wanafunzi hukiruka, hakitoki kwenye mtihani.

Yule mama bado yupo kazini. Wanafunzi wanaendelea kutumia rosela yake.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa sayansi, Kondoa