Barua kwa mwanangu anayekwenda Kingston

Mwanangu Neema,

Tangu upate nafasi ya kusoma Chuo Kikuu cha West Indies, kampasi ya Mona, mama yako amekuwa akisoma mtandaoni habari za mauaji ya Jamaika, na usingizi umempaa. Simlaumu, kwani mwaka 2024 pekee waliuawa watu zaidi ya 1,100 katika nchi yenye watu wasiofika milioni 3. Hata hivyo, mauaji hayo hayakutapakaa sawasawa. Mengi hutokea katika mitaa yenye magenge, ambako mgeni hana shughuli yoyote. Wewe jihadhari zaidi na uporaji, na mporaji humtafuta mtu aliyeduwaa.

Mitaa kama Tivoli Gardens na Denham Town, upande wa magharibi wa jiji, ina historia yake. Tangu miaka ya 1960 vyama viwili vikubwa, JLP na PNP, vilijigawia mitaa ya maskini, na bunduki zikafuata kura. JLP ni kijani, PNP ni rangi ya chungwa; wakati wa kampeni acha fulana za rangi hizo sandukuni. Mpaka kati ya mtaa tulivu na mtaa wa hatari huenda ukawa barabara moja tu, nayo ramani ya simu haiuonyeshi, bali hukupitisha popote palipo pafupi. Kwa hiyo, kabla ya kwenda mahali usipopajua, muulize mlinzi wa hosteli au mama anayeuza chakula getini kama njia hiyo inapitika leo, kwa sababu iliyopitika juzi huenda leo ina polisi na amri ya kutotoka nje.

Kuhusu usafiri nitakuwa mrefu, maana hapo ndipo wageni wengi hujiponza. Taksi halali ina namba nyekundu zinazoanza na PP. Gari lenye namba nyeupe linalookota abiria ni taksi bubu, na wenyewe huiita "robot". Usiipande hata kama mvua inanyesha na dereva anakuita dada. Taksi za njia hufanya kazi kama daladala zetu: zina njia maalumu, abiria hubanana, na pale Half Way Tree utawakuta wapiga debe wakivutana na watu mikono. Shika pochi mbele ya tumbo, simu isionekane, na uwe na chenji tayari ili usifungue pochi mbele ya umati. Ukiingia garini sema "good evening" kwa sauti ya kusikika. Wajamaika hushika sana salamu, na wewe uliyelelewa kwa shikamoo hilo halitakushinda. Ukikodi taksi peke yako, patana bei kabla ya kupanda, na utaje kama ni dola ya Jamaika au ya Marekani, kwani moja ya Marekani ni zaidi ya 150 za kwao. Usiku usitembee kwa miguu, hata iwe hatua chache.

Nguo za mabaka ya kijeshi ni marufuku kwa raia, kama huku kwetu, hata zikiwa za mtoto. Bangi nayo isikuchanganye: sheria ya 2015 ilipunguza adhabu kwa anayekutwa na kiasi kidogo, lakini kuivuta hadharani bado ni kosa, na kuibeba uwanja wa ndege ni kujitafutia kesi. Kibaka akikutolea kisu, mpe simu. Tutanunua nyingine.

Uwanja wa ndege wa Norman Manley uko kwenye ulimi mwembamba wa nchi kavu kati ya bandari na bahari, na barabara ya kuingia mjini ni moja, kwa hiyo mwombe mtu wa chuo aje kukupokea, na akutumie mapema jina la dereva na namba za gari. Polisi ni 119, zimamoto na gari la wagonjwa ni 110. Ziandike pia kwenye karatasi, kwa sababu simu ndiyo huporwa kwanza. Jamaika iko nyuma yetu kwa saa 8. Ukifika saa mbili usiku, hapa itakuwa saa kumi alfajiri. Piga hivyo hivyo, mama yako atakuwa macho.

Baba yako