YAH: MALALAMIKO JUU YA HUDUMA MLIYOMKATIZIA MAMA YANGU BAADA YA UPASUAJI

Mbagala, Dar es Salaam
10 Machi 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mama yangu ana miaka 68 na ana kisukari. Tarehe 10 Februari alibadilishiwa nyonga ya kushoto, akaruhusiwa kurudi nyumbani tarehe 14. Kabla ya hapo nilikuwa nimeilipa kampuni yenu shilingi 700,000 kwa simu, ujumbe wa malipo ninao. Zilikuwa za siku 14 za muuguzi kuja nyumbani kila jioni: kusafisha kidonda, kupima sukari na kumchoma sindano ya kuzuia damu kuganda.

Nianze na haki ya muuguzi wenu. Siku mbili kabla ya upasuaji alikuja, akamfundisha mama kusimama na fremu ya kutembelea, akatuambia tumtafutie kiti cha kuweka juu ya choo chetu cha kuchuchumaa, kwa kuwa nyonga mpya haitakiwi kukunjwa sana. Mama alipotoka hospitali, muuguzi alikuja pia tarehe 14, 15 na 16, kwa heshima na upole. Sitaki aadhibiwe kwa barua hii.

Jumatatu tarehe 17 hakuja mtu. Nilipiga simu saa mbili usiku, nikaambiwa kuna foleni barabarani, atafika asubuhi. Asubuhi hakufika. Tarehe 18 niliambiwa amehamishiwa kwa mgonjwa mwingine na mbadala anatafutwa. Tarehe 19 na 20 simu iliita mpaka ikakatika.

Sindano zilikuwa kabatini. Tulizinunua wenyewe, na hela yake tuliichanga ndugu watano. Kilichokosekana ni mkono wa kuzichoma tu. Na hapa ndipo panaponiuma kuliko hela: tarehe 15 nilimwomba muuguzi anielekeze, akajibu kwamba utaratibu wa kampuni hauruhusu ndugu kufundishwa. Kwa hiyo usiku nne nilikaa pembeni ya kitanda cha mama, dawa ninayo, nikiogopa kuigusa.

Ijumaa tarehe 21 alfajiri shavu la mguu wake wa kushoto lilikuwa limevimba, gumu na la moto. Tulikodi gari tukamrudisha hospitali. Ultrasaundi ilionyesha damu imeganda kwenye mshipa. Daktari hakuniambia kwamba sindano zingezuia kwa hakika. Aliniambia kuwa baada ya kubadilishiwa nyonga dawa hii inaweza kuendelea hadi siku 35, na kwamba kukosa dozi nne kulimwongezea hatari. Donge kama lile likisafiri hadi kwenye mapafu linaweza kuua. Mama alilazwa tena mpaka tarehe 26.

Huko wodini muuguzi wa zamu alinifundisha kuchoma sindano chini ya ngozi ya tumbo. Tulitumia dakika kumi.

Naomba mambo matatu. Mnirudishie shilingi 550,000 za siku 11 ambazo hamkuja. Siku alizolazwa mara ya pili msizitoe kwenye hesabu, maana kufikia hapo mlikuwa mmeshaacha kuja na hakuna aliyenipigia hata kumjulia hali mgonjwa. Pili, mnijibu kwa maandishi: nani aliamua kumhamisha muuguzi bila kutupa taarifa? Tatu, na hili ndilo ninalolisisitiza, muondoe utaratibu wa kuwakataza wauguzi kufundisha ndugu. Wagonjwa wenu wengi wanalala nyumbani na watoto wao, na usiku ndio hao hao waliopo.

Nasubiri majibu ndani ya siku 14. Yasipofika nitapeleka suala hili Tume ya Ushindani, ambayo pia inalinda walaji, pamoja na ujumbe wa malipo na orodha ya simu nilizowapigia.

Mama sasa anatembea na fremu hadi mlangoni. Anameza vidonge vya kuzuia damu kuganda, na bado kila jioni ananiuliza kama yule muuguzi atakuja.

Wenu,
Binti wa mgonjwa