Uanagenzi wa umeme wa reli uwafikie vijana wa Visiwani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie uanagenzi wa umeme wa reli. Tangu 2024 treni za umeme zinakwenda Dar es Salaam hadi Dodoma, chini ya waya wa volti 25,000. Vijana wetu wa mafunzo ya amali niwaonao huishia kufunga taa na soketi majumbani. Ni kazi ya halali, lakini waya wa treni haufundishiki ubaoni: sharti usimame na fundi mzoefu, ujue kuuzima na kuuunganisha na ardhi, umeme uliobaki utoke, kabla ya kuugusa.

Huku reli ilikuwa ile ya Bububu, ya 1905, nayo imebaki hadithi. Basi Mamlaka ya Mafunzo ya Amali ikubaliane na Shirika la Reli Tanzania kupokea wanagenzi wetu kila mwaka, na malazi juu yake. Nauli ya boti pekee haimtoshi mtoto wa Pemba.

Fundi umeme mstaafu,
Mwanakwerekwe, Unguja